Stroganofu nyepesi ya nyumbani: krimu chachu, mtindi au supu ya kopo? Nimepika zote tatu

Tunu_Columbus (mwanzisha mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa, na wanangu wameshakuwa watu wa huku. Ukiwauliza wapikiwe nini Jumapili hawataji pilau, wanataja stroganofu. Kwa asiyeijua: ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikapikwa na vitunguu na uyoga kwenye rojo la krimu chachu, kisha ikamwagwa juu ya tambi pana za mayai. Ni tamu, sibishi. Ila baba yao kapimwa presha mwezi uliopita, daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta, na mimi sina nia ya kubandika sufuria mbili kila siku.

Nimefanya majaribio Jumapili tatu mfululizo. Kila mara tuko wanne, nyama ratili moja (huku bado nyama inauzwa kwa ratili, ni kama gramu 450), uyoga mweupe pakiti ya gramu 225, tambi pakiti nzima ya gramu 340. Nilichobadilisha ni rojo tu.

Ya kwanza nilipita njia ya mkato: kopo la supu nzito ya uyoga. Nusu saa chakula kiko mezani na watoto wakakomba sahani. Baadaye nikatoa kopo kwenye taka nikasoma lebo. Zaidi ya miligramu 800 za sodiamu kwa nusu kikombe, na kopo linatoa nusu vikombe viwili na ushei! Ukijumlisha unapita miligramu 2,000, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Na juu yake nilikuwa nimetia kidonge cha supu.

Ya pili niliifuata kama inavyotakiwa: siagi vijiko vikubwa vitatu, supu ya mifupa niliyochemsha mwenyewe, krimu chachu kikombe kizima. Kwa ladha hii ndiyo yenyewe. Lakini mabaki yalipolala kwenye friji, asubuhi nikakuta yameganda juu mafuta ya rangi ya maziwa, nikafunga mlango wa friji polepole kama sijaona.

Ya tatu, mtindi wa Kigiriki ule usio na mafuta hata chembe. Ukakatika. Maji huku, punje nyeupe kule, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Mume wangu alikula kwa adabu. Binti yangu akauliza mbona leo kuna mayai.

Kwa hiyo mpaka sasa moyo uko kwa ya pili na akili iko kwa ya tatu. Aliyewahi kuupika mtindi usikatike aseme.

---

Jiko_la_Mkaa

Dada Tunu pole. Mtindi wako haukuwa mbovu, ulishtuka. Umetoka friji ukaingia kwenye rojo linalotokota. Protini ya maziwa yenye uchachu ikipigwa na moto mkali inajikunja na kushikamana, maji yanabaki pembeni. Ukiondoa na mafuta ndiyo kabisa, maana mafuta yangeisaidia kidogo kuvumilia.

Fanya hivi. Mtindi utoe nje mapema upoteze ubaridi. Chagua wenye mafuta kidogo, asilimia 2 au 5, usichukue wa sifuri. Ukoroge na kijiko cha chai cha konflawa, hiyo ndiyo inashikilia. Nyama na uyoga vikiwa tayari, epua. Nasema epua, siyo punguza moto. Chota upawa mmoja wa rojo la moto umimine kwenye bakuli la mtindi huku unakoroga, kisha wa pili. Bakuli likishapata uvuguvugu ndipo unalirudisha lote kwenye kikaango. Ukihitaji kupasha, moto wa chini kabisa, na ukiona kiputo kimoja umechelewa.

---

Hesabu_za_Jikoni

Naomba nitibue kidogo. Mada inalinganisha rojo, lakini dada umepima kitu kidogo ukaacha vikubwa.

Krimu chachu kikombe kimoja, tuseme gramu 230, ni kama kalori 450. Mtindi wa Kigiriki usio na mafuta, kipimo kilekile, ni kama 135. Gawanya tofauti kwa watu wanne: kila mmoja kaokoa kalori 80 hivi. Siyo haba, ila subiri.

Tambi za mayai kavu gramu 340 zina kalori kama 1,300, yaani zaidi ya 320 kwa kila sahani kabla hujamwaga rojo. Shusha hadi gramu 200 na kila sahani imepungua 130. Hujagusa ladha ya rojo hata kidogo na tayari umeishinda faida ya mtindi.

Njoo kwenye nyama. Hukusema ulitumia ipi. Kama ni kima ya asilimia 20 ya mafuta, ratili ina kalori 1,150 au hivyo. Ya asilimia 7 ni kama 690. Hapo tena zaidi ya 110 kwa mtu. Siagi vijiko vitatu ni kalori 300, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ni 120.

Kuhusu kopo, umelihukumu kwa haki ila hesabu umeikaza. Mligawana wanne, kwa hiyo kila mtu alipata kama miligramu 500 kutoka kwenye kopo. Kidonge cha supu ndicho kilichomaliza kazi.

---

Tunu_Columbus

@Hesabu_za_Jikoni umenivua nguo hadharani lakini asante 😂 Nyama ya wiki mbili za kwanza ilikuwa kima, ndiyo, ile ya bei nafuu. Ya tatu steki. Kumbe hata majaribio yangu hayakuwa sawa.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Asalaam aleikum. Mie hapa Mombasa krimu chachu sihangaiki nayo. Natia tui. Nyama, uyoga, kitunguu thomu, pilipili manga, tui la nazi moja. Tambi natumia zile za kawaida. Jaribuni, mtanishukuru.

---

Jiko_la_Mkaa

Ndugu yangu huo ni mchuzi wa nazi wa uyoga, na ni mtamu bila shaka, ila stroganofu hapo haimo.

---

Hesabu_za_Jikoni

Na wala siyo nyepesi. Tui zito la kopo lina mafuta kama gramu 20 kwa kila gramu 100, sawa kabisa na krimu chachu, na karibu yote ni ya aina ambayo mgonjwa wa presha na moyo anaambiwa ayapunguze.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Nani kasema kasimile, lile tui zito la kwanza? Mie nakama mara tatu, natumia la pili na la tatu. Hilo la kwanza linangoja wali. Lakini sawa, jina la Kirusi nawaachia wenyewe.

---

Mzee_wa_Smetana

Vijana, hilo jina la Kirusi acha niliseme kidogo kwa kuwa nilikula sana chakula hiki. Nilikuwa mwanafunzi Moscow miaka ya 80, tulikuwa wengi kutoka Afrika Mashariki, na bwaloni kilikuwa kikipikwa mara kwa mara. Sikuwahi hata siku moja kuwekewa tambi pana kama hizi za Marekani. Kilikuja na viazi vya kuponda, au nafaka yao ya rangi ya udongo wanayoiita grechka. Hiyo grechka sikuizoea hadi narudi nyumbani.

Jina linatokana na ukoo wa Stroganov, matajiri wakubwa wa Urusi ya zamani. Katika kitabu cha mapishi cha Elena Molokhovets, chapa ya mwaka 1871, pishi hili lipo: nyama iliyokatwa vipande, haradali, supu na smetana, ambayo ndiyo krimu chachu yao. Uyoga hamna. Kitunguu hamna. Kwa hiyo mnapogombana ipi ndiyo yenyewe, kumbukeni kwamba yote mnayoyapika yameshaongezwa mambo. Wabrazili wameiweka juu ya wali na kuinyunyizia vijiti vya viazi vya kukaanga, na hawaombi radhi.

Dada Tunu, kwenye orodha yako sijaona haradali. Ile ndiyo roho ya chakula hiki. Vijiko viwili vya chai vya haradali laini, na uchachu unaoutafuta kwenye krimu kikombe kizima utaupata nusu yake hapo.

---

Tunu_Columbus

Shikamoo mzee wangu. Haradali sikutia kabisa, nilidhani ni ya soseji.

---

Mzee_wa_Smetana

Marahaba mwanangu. Ni ya soseji pia.

---

UmmZahra_Maskat

Mimi nipo Maskat na hii nimepika sana kwa sababu jirani yetu wa zamani alikuwa anaipenda. Mambo mawili tu.

Mapishi mengi ya kwenye mtandao yanaanza na divai nyeupe au brandi ya kubandua vile vilivyoganda chini ya kikaango. Kwetu haiingii jikoni. Natia supu kidogo pamoja na kijiko cha chai cha siki ya tufaha, nakwangua kwa mwiko wa mbao, kazi inafanyika. Siki usizidishe, maana mtindi una uchachu wake na haradali ina wake, utakuja kupika achari.

La pili, huku tuna lebne, mtindi uliochujwa maji mpaka ukawa kama jibini laini. Ukiuyeyusha kwa supu ya uvuguvugu unakuwa mzito kuliko mtindi wa Kigiriki. Ila lebne za dukani nyingi zimeshatiwa chumvi, kwa hiyo kwa nyumba yenye presha onja kwanza kabla hujashika kopo la chumvi.

---

Kaka_Mbeya

Nyinyi mnaongelea lebne na smetana, sisi wa huku tufanyeje? Krimu chachu ukiikuta ni supamaketi kubwa na bei yake unaweza kununua kuku.

Nilichofanya: mtindi wa kawaida lita moja, namimina kwenye kitambaa safi cha pamba nilichokunja mara mbili juu ya chujio, naweka sufuria chini, nauacha usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi unabaki kama nusu yake, mzito, unasimama kwenye kijiko. Yale maji yaliyochuruzika usimwage, kandia chapati.

Tambi za mayai pia huku hazipo kila duka. Nakanda mwenyewe: unga wa ngano gramu 200, mayai mawili, basi. Maji ni matone tu kama umekataa kushikana. Kanda mpaka ulainike, funika nusu saa, sukuma kama chapati lakini nyembamba zaidi, nyunyizia unga, viringisha kama mkeka, kata mikato ya upana wa kidole. Zinaiva dakika tatu, nne. Anayejua kusukuma chapati hashindwi. Na kwa kuwa umetoka jasho kuzitengeneza hutapika za kumwaga, hesabu ya yule bwana inatimia yenyewe.

---

Sarara254

Nyama nayo isisahaulike, hapo ndipo wengi wanaharibu. Mimi ni mtu wa bucha, Nakuru.

Sarara ni laini, ndiyo, na haina mafuta mengi, lakini bei yake ni ya wenye harusi. Chukua nyama ya paja isiyo na mafuta. Tia kwa friza dakika 30 hadi ishikane, isigande kabisa. Hapo kisu kinapita vizuri. Angalia nyuzi zinaelekea wapi kisha ukate kukatiza, vipande vyembamba kama penseli imelazwa. Ukikata kufuata nyuzi utatafuna mpaka kesho hata kama ni ndama.

Halafu kikaango kiwe moto kabla. Tia nyama kidogo kidogo, mafungu mawili au matatu, dakika moja upande huu, nusu dakika upande ule, toa weka kando. Usiirudishe mpaka rojo liwe tayari. Ukiijaza yote mara moja itatoa maji na utakuwa umeichemsha.

Wengine huku wanapaka beking soda nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, robo saa, wanaosha, nyama inalainika kweli.

---

Hesabu_za_Jikoni

Beking soda ni sodiamu. Nusu kijiko cha chai kina zaidi ya miligramu 600. Kuosha kunaondoa sehemu yake, siyo yote. Nyumba ya dada Tunu ingekaa mbali nayo, kukatiza nyuzi kunatosha.

---

Sarara254

Haki hilo sikuwa nimefikiria. Basi akate tu vizuri.

---

Chachandu

Uyoga. Hakuna aliyezungumzia uyoga na jina lake limo kwenye mada.

Gramu 225 kwa watu wanne ni kidogo mno. Uyoga mweupe zaidi ya asilimia 90 ni maji, gramu 100 haina hata kalori 25, na ukipikwa vizuri unaleta ule utamu wa nyama ambao unakufanya usiitafute chumvi. Mimi nageuza: uyoga uzidi nyama. Gramu 450 za uyoga kwa 300 za nyama. Mlaji haoni kwamba kapunguziwa, sahani imejaa.

Ila uukaange kwanza peke yake. Kikaango kikavu, au tone la mafuta. Usiukoroge kila sekunde. Utatoa maji mengi mpaka utashangaa, uache yakauke yote, ndipo unaanza kugeuka rangi ya kahawia na kunukia. Watu wengi wanaishia kwenye maji, wanadhani umeiva, wanatia krimu juu, wanapata supu nyepesi ya kijivu. Chumvi itiwe mwishoni.

Kwa walio Tanzania, uyoga mamama unafaa sana na unapatikana kwa wakulima wadogo mijini. Huo chana kwa mikono kufuata mistari yake, usikate. Shina lake la chini gumu toa.

Kwa mpenda kima: katakata uyoga vidogo vidogo uchanganye nusu kwa nusu na kima isiyo na mafuta. Watoto hawagundui.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Watoto wangu wanagundua hata karoti iliyosagwa.

---

Jiko_la_Mkaa

Naungana na Chachandu kuhusu maji ya uyoga. Yakibaki ndiyo yanakulazimisha utie unga au krimu zaidi ili rojo lishike. Wepesi wa rojo unaanza hapo, kabla hujafungua mtindi.

---

Tunu_Columbus

Nimerudi, ni Jumapili usiku. Nimepika ya nne.

Nyama ya paja gramu 340, niliigandisha kidogo kama mtu wa bucha alivyosema, nikakata kukatiza. Uyoga gramu 450. Nilikaa juu yake dakika kumi na mbili nikiwa na hakika nauunguza, kisha ghafla jikoni kukanukia vizuri. Kitunguu kikubwa kimoja, mafuta kijiko kikubwa kimoja, paprika kijiko cha chai, supu ya mifupa isiyo na chumvi kikombe kimoja, siki kijiko cha chai. Haradali vijiko viwili vya chai, nayo ina chumvi yake kwa hiyo niliihesabu. Chumvi yenyewe nilitia robo kijiko cha chai kwa chakula chote. Tambi gramu 200, nilichemsha bila chumvi.

Rojo nilifanya la mapatano: mtindi wa asilimia 2 robo tatu ya kikombe, na krimu chachu vijiko vikubwa viwili kwa ajili ya moyo wangu. Konflawa, bakuli, upawa, nikaepua. Haukukatika! Niliwaita watoto waje waone, hawakuelewa waone nini. Juu nikanyunyiza kotmiri badala ya pasli, yale majani ya Kizungu.

Kwa ukweli, haijafika ya Jumapili ya pili. Ile ilikuwa inateleza mdomoni. Hii ina uchachu zaidi na rojo lake ni jepesi, lakini nyama unaisikia, uyoga unausikia. Mume wangu karudia sahani. Kwangu imeipita ya kopo kwa mbali.

Swali moja limebaki: nimejaribu kupasha kidogo kwenye maikrowevu kwa ajili ya mdogo wangu aliyechelewa, umekatika pembeni pembeni.

---

Jiko_la_Mkaa

Hongera! Maikrowevu iweke nguvu nusu, pasha kwa vipande vya sekunde 40, koroga kila mara, na kijiko cha maziwa au supu. Au usipashe rojo lenye mtindi kabisa: hifadhi nyama na uyoga peke yake, mtindi utiwe kwenye sahani. Usiigandishe kwenye friza ikiwa na mtindi, itarudi na punje.

---

UmmZahra_Maskat

Mashallah. Na yule binti wa mayai kasemaje leo?

---

Tunu_Columbus

Huyo kachambua uyoga mmoja mmoja kahamishia kwenye sahani ya baba yake. Baba mtu kala gramu zote 450 karibu peke yake na sasa kalala kwenye kochi.